Ndugu Yangu Aliyemngoja Mzungu Arudi

Mwaka wa 1946, nikiwa na miaka saba, mzungu alitufukuza shambani mwake. Nyumba ya baba ikachomwa tukiangalia. Mimi nilibeba kuku, safari nzima nikaiona kama mchezo. Ndugu yangu mkubwa alikuwa na miaka kumi na tano. Yeye alibeba mlango. Baba alikuwa ameuchonga kwa mkono wake na hakutaka kuuacha, basi ndugu yangu akapanda nao mlima, mlango usio na nyumba.

Shule yangu ilikwisha hapo, darasa la kwanza. Sijaona ilichonipunguzia.

Uhuru ulipokuja, sisi wawili tulikuwa tunakamua ng'ombe wa mzungu mwingine, upande wa Ainabkoi. Huyo akauza shamba akaenda zake. Wafanyakazi tukachanga tukanunua. Siku ya kupiga kura ya kugawana shamba, kila mtu alitia mkono kwenye kofia akachomoa namba yake. Mimi nilipata upande wa juu, ndugu yangu wa chini, wenye mto. Watu wakamwonea wivu. Yeye akasema, "Mzungu hawezi kuacha mto. Atarudi."

Basi akaishi kama mgeni. Alipanda viazi na mahindi tu, vitu vya msimu mmoja. Nyumba alijenga ya mabati na bolti, ili ifunguliwe na kupakiwa kwenye lori. Hata choo alichimba kifupi. Kila mwaka kinajaa, anachimba kingine.

"Mzee, unamchimbia nani mashimo haya yote?" nilimuuliza.

"Wewe cheka. Ulibeba kuku."

Halafu akaja mfanyabiashara wa mjini akitaka ile sehemu ya mto, na ndugu yangu akakubali kuuza. Watoto wake wangerudi kule mlimani tulikotoka, ambako hatuna ardhi hata ya njia ya kupita. Nilibishana naye mpaka nikachoka. Zamani nilidhani ni uoga. Si uoga. Mtu aliyeona ubaya ukija akiwa kijana hataki kupatikana tena amejenga. Na kumshinda huwezi: balaa likija, yeye alishasema; lisipokuja, bado liko njiani.

Siku mnunuzi alipokuja kuonyeshwa mipaka, shemeji, mke wa ndugu yangu, alitangulia mpaka mtoni. Huko kulikuwa na miche ya miwati, imefika magotini. Alikuwa amemwambia mumewe ni kuni.

"Magome ya hii yanauzwa Eldoret, ya kutengenezea ngozi," alimwambia mnunuzi. "Inakatwa mwaka wa nane. Mimi nimepanda, mimi nitakata. Ukitaka shamba, bwana, rudi wakati huo."

Mnunuzi akamgeukia ndugu yangu. Ndugu yangu akaitazama ile miti.

"Miaka minane mzungu atakuwa amerudi," akasema. "Mtaona."

"Basi atatukuta tukikata," shemeji akamjibu.

Ndugu yangu akamwambia mnunuzi angoje. Mnunuzi hakungoja, alipata kwingine. Miwati ilipokatwa, mingine ilikuwa imeshapandwa nyuma yake, na habari ya kuuza haikutajwa tena.

Mimi sikumngoja mtu, na leo nina ekari kumi na mbili, ng'ombe wa maziwa sita, nyumba ya mawe, vyumba vya kupangisha Kiplombe, trekta inayowaka ikipenda, na jirani upande wa chini anayeniambia kila Machi kwamba mwaka huu mvua haiji.