Kuku Kumi na Saba Katika Kitabu cha Yaya

Niliwaingiza kuku wetu kumi na saba ndani ya kitabu cha uhandisi cha yaya wangu, nikawakalisha kwenye mstari wa mti unaoitwa limba, kisha nikaendelea kuandika kama mtu mwenye akili. Ndiyo upumbavu wenyewe. Nausema mwanzoni ili usije ukanionea huruma katikati.

Yaya kwetu ni ndugu mkubwa, na wangu ni kifungua mimba wa mama yetu. Alisoma ujenzi Bukavu, akarudi hapa Kasongo na diploma ndani ya plastiki, na kwa miaka mitatu diploma ile ilikaa ukutani ikimtazama akienda kufyatua matofali. Mtaani walimwita Injinia, lakini ukisikia wanamwita, ujue kuna paa linavuja. Mhandisi wa kweli, yule anayetia sahihi kwenye mchoro wa daraja na daraja likajengwa, lazima apite mtihani wa leseni mbele ya juri, yaani jopo la watahini, kule Kindu, na juri haiketi kila mwaka. Mwaka huo kuna watu walikuwa wanatafuta msimamizi wa madaraja ya mbao kwenye njia ya Kabambare. Walitaka mzaliwa wa huku, mwenye leseni. Yaya alikuwa mzaliwa wa huku.

Sillabusi, kitabu cha kujiandalia, alikuwa nayo rafiki yake waliyesoma pamoja, mtu wa kule Wamaza, ambaye naye alikuwa anaandaa mtihani huohuo. Akamwazima kwa siku nne. Ilikuja juu ya pikipiki, imefungwa ndani ya koti la mvua, na ilitakiwa irudi kwa pikipiki hiyohiyo. Kwenye kibanda cha fotokopi wino ulikuwa umekwisha. Ulikuwa njiani tangu mvua zilipoanza, na kwetu kitu kikiwa njiani usikitaje tena. Ikabaki mkono. Mkono wenyewe ulikuwa wangu.

Nina mwandiko mzuri. Ndilo jambo jema pekee ambalo walimu wamewahi kuandika juu yangu. Shuleni kwetu vitabu ni vichache, kwa hiyo wenye mwandiko tunawanakilia wengine, nao wanatulipa kwa karanga au kwa kutubebea jembe siku ya kazi za mikono. Na mimi, katika kila daftari ninalonakili, nataga yai. Yai ni uongo mmoja uliofichwa vizuri. Mwenye daftari akiligundua ananikimbiza uwanja mzima, tunacheka. Asipoligundua, nacheka peke yangu. Kuna mwenzangu alisimama mbele ya mwalimu wa jiografia akaeleza bila wasiwasi kwamba mto Lualaba huganda barafu kila Desemba.

Basi nikakaa barazani siku tatu, sillabusi upande huu, daftari kubwa upande ule. Kurasa za kwanza niliandika kwa heshima. Kwenye sura ya misingi nikataga yai la kwanza: udongo ukikataa, muombe mwenye shamba. Kwenye mchoro wa nguzo nikataga la pili, masharubu ya mwalimu wetu wa nidhamu. Siku ya tatu vidole vilikuwa vimekauka, wenzangu wanapiga mpira ng'ambo ya barabara, nami nimefika kwenye jedwali la miti. Miti imepangwa mmoja chini ya mwingine, na mbele ya kila mti iko namba ya mzigo unaoruhusiwa kuubebesha. Wanafunzi wa juri huimeza yote, kwa sababu chumbani hakuna kuingia na karatasi. Mbele ya limba palikuwa na namba ndogo, haikufika kumi. Nikainua macho nikaona banda la kuku, ambalo yaya mwenyewe alilijenga kwa limba. Nikawahesabu. Nikaandika kumi na saba. Nilicheka hadi kalamu ikaanguka.

Jioni ile mama alinipakulia vipande viwili vya samaki. Sikuuliza. Nyumbani kwetu ukiuliza samaki ametoka wapi, anarudi alikotoka.

Yaya alipitia daftari kwa rula, mstari kwa mstari, kwa sababu sifa zangu alizijua. La kwanza akalikuta, akanipiga konzi. Masharubu akayakuta, akacheka, kisha akanipiga konzi. Sillabusi ilikuwa imeshafungwa ndani ya koti la mvua, na mwenye pikipiki anapiga honi.

Akaniuliza, "Weye, iko yai ingine humu?"

"Hapana, yaya. Mayai iko mbili tu."

Nilitaka kushinda. Hakuna sababu nyingine, nimeitafuta. Hakuna aliyewahi kumshinda yaya kwa jambo la daftari, na nilipanga nimwambie baada ya siku mbili, nile konzi ya tatu, mambo yaishe.

Lakini alianza kukariri. Alitembea uani, mikono nyuma, akiitaja miti kama watu wanavyotaja watakatifu kanisani. Mara ya kwanza aliposema limba, kumi na saba, nilikimbilia nyuma ya jiko nikacheka ndani ya shati. Mara ya pili nikatabasamu. Wiki ya tatu nilikuwa nasikia namba ile kama mtu anayesikia jina lake likiitwa na askari. Kila siku niliyonyamaza iliifanya siku ya kusema kuwa ngumu zaidi.

Asubuhi moja alisimama mbele ya banda, akashika ufito mmoja, akaukunja kidogo. Mimi nilikuwa nawamwagia kuku pumba.

"Ajabu," alisema. "Hii limba tunaivunja kwa goti."

Mlango wa kusema ukweli ulikuwa wazi kabisa pale. Ningepita tu. Badala yake nikamjibu kwamba labda kitabu kinasema limba ya kule Bas-Congo. Akafikiri. Akasema kitabu kinajua kuliko goti lake, akaendelea na mti uliofuata.

Siku ya yaya kuondoka kwenda Kindu, mchungaji alikuja akamwekea mkono kichwani, sisi wote tumesimama kuzunguka pikipiki. Nikafungua mdomo. Mama akanikanyaga mguu, akanionyesha nifumbe macho. Nikafumba. Nilipofumbua, yaya alikuwa anafunga kamba ya begi. Najua utauliza kuhusu simu. Simu ilikuwepo, na siku ile mtandao pia ulikuwepo, nakiri. Niliandika ujumbe, nikaufuta, nikaandika tena. Mwishowe nikamtumia: mitihani njema, yaya.

Swali kubwa lilikuwa la daraja dogo la mbao, na mbao yenyewe ilikuwa limba. Yaya alitueleza mwenyewe, akiwa amekaa mbele ya bugali ambayo hakuigusa. Alipiga hesabu vizuri, akapata mihimili myembamba, akaishangaa, akaiamini. Kesho yake ilikuwa zamu ya mtihani wa mdomo. Mkubwa mmoja wa juri akainua karatasi yake akamuuliza kama siku hizi kule Kasongo limba inapandwa pamoja na chuma. Wote mezani walicheka. Yaya akajibu kwamba ndivyo alivyosoma. Wakamwambia daraja lake lingeua watu wa soko zima kwa siku moja, na kwamba mtu wa namna hiyo hapewi sahihi.

Kwa hiyo kichekesho changu kilichekwa. Kilisafiri hadi Kindu kikawachekesha wazee watano wenye tai. Sijawahi kutunga kingine kilichofika mbali hivyo.

Rafiki wa Wamaza alipita. Yeye alisoma sillabusi yenyewe. Wakiwa njiani kurudi walilinganisha kurasa, ndipo yaya akauona mstari. Alinijia mimi nikiwa peke yangu barazani, daftari limefunguliwa, kidole juu ya namba. Nilijiandaa kwa konzi. Ningeipokea kwa furaha.

"Hapa ulichoka?" aliniuliza, taratibu.

Alikuwa amenitafutia sababu mwenyewe, akaniletea mkononi. Nikaipokea.

"Nilichoka, yaya."

"Kosa ni yangu," akasema. "Ningeangalia mara ya pili, wakati sillabusi ingali hapa."

Sasa yule wa Wamaza ndiye anayesimamia madaraja njia ya Kabambare. Amepewa kofia ya manjano. Yaya alikaa nyumbani mwezi mmoja, akaziba mapaa mawili, kisha akaenda Lusangi kuchimba dhahabu. Diploma aliiacha ukutani. Kule mashimo hushikizwa kwa miti ili udongo usiporomoke, na watu hukata mti wowote ulio karibu. Nilijikuta kila siku njiani kwenda shule natazama miti, nikijiuliza ipi iko karibu na shimo lake.

Juma lililopita mwenye pikipiki mmoja alileta habari kwamba Lusangi shimo limeangukia watu. Mama aliweka chini mchi aliokuwa akitwangia sombe, majani ya muhogo. Tulingoja hadi saa tisa alasiri ndipo simu ikaingia: halikuwa shimo la yaya, lilikuwa la jirani yake, na yeye mchana kutwa alikuwa anawafukua waliofukiwa. Akasema mikono inamuuma. Akauliza kama mimi nasoma.

Mama alirudi kwenye kinu, lakini hakutwanga. Nikakaa chini mbele yake nikamwambia vyote: mayai, banda, goti, Bas-Congo, sababu niliyoletewa mkononi. Mama hajui kusoma, kwa hiyo nililileta daftari nikamwonyesha mstari. Akafuta kidole kwenye kitenge kabla ya kuugusa.

"Nilikuwa ninakuona unacheka ukiandika," akasema. "Nikasema moyoni, huyu naye masomo imeanza kumuingia. Ndiyo maana nilikuongezea samaki."