Sauti ya Baba Katika Nyasi za Mikumi

Enzi zetu, mtoto akiitwa mara ya pili alikuwa tayari ana kesi. Jina likitajwa tu, hata uwe juu ya mpera wa jirani, unaitika: msichana "Abee!", mvulana "Naam!", na miguu imeshaanza kukimbia kabla mdomo haujafunga. Mtoto wa siku hizi unamwita mpaka koo linakauka, kisha anachomoa kidude sikioni na kukuuliza, "Eti?" Huwa nawacheka. Lakini kila nikiwacheka namkumbuka dada yangu Tusekile, ambaye mtaani kwetu Mbeya hakuwa na mpinzani kwa kuitika haraka, na ambaye siku moja adabu hiyo ilikaribia kutunyang'anya.

Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita. Baba alikuwa ameapa kwamba wanawe hawatamaliza shule ya msingi bila kuiona bahari. Dada Tuse alikuwa darasa la sita, mimi la tatu. Gari letu lilikuwa Peugeot kuukuu yenye rangi ya maziwa yaliyoungua, na ndani yake kulinuka petroli, maganda ya machungwa na sweta zilizolala sandukuni. Tuliondoka Mbeya kwenye baridi ile ya kuuma masikio, chapati na mayai ya kuchemsha yakiwa mapajani mwa mama. Igawa akina mama walitukimbilia dirishani na mahindi ya kuchoma. Makambako upepo ulitusukuma pembeni mwa lami. Dada alitapika karibu kila kona, na kila mara baba alisimama, akamsubiri, akasema, "Pole, dereva mwenzangu."

Iringa tulimchukua Bibi, mama yake mama. Alikuwa Mhehe mwembamba, mgumu wa kucheka, na alikuja kukaa kiti cha mbele na blanketi lake kana kwamba gari ni lake. Bahari hakuwahi kuiona. Alisema anakwenda kuhakikisha, kwa sababu watu wa pwani waongo.

Kabla ya kushuka pwani, baba alitupeleka Ruaha kutazama wanyama. Pale ndipo tulipomsikia Bibi akimwambia kijana wa hifadhi aliyepanda nasi, "Hawa tembo ndio waliokula mahindi ya baba yangu. Leo mnanitoza kiingilio niwatazame wakishiba?" Kijana alicheka mpaka akaangusha kofia. Ila mama aliponiita kwa jina ili nione twiga, Bibi aligeuka ghafla.

"Porini jina la mtu halitajwi."

"Kwa nini, Bibi?" dada aliuliza.

"Likitajwa linabaki. Na ukiitwa, usiitike kabla hujamwona anayekuita."

Baba alikuwa mtu wa ofisi na mzee wa kanisa letu la Kilutheri. Imani hizo alizicheka, lakini alilifanya jambo hilo kuwa mchezo. Tangu hapo, kila tukiingia hifadhini dada aliitwa Mkubwa, mimi Mdogo, mama Abiria, na Bibi akawa Mheshimiwa. Baba alikuwa makini na mchezo huo kuliko sisi. Akijisahau, anajipiga kofi la mdomo, tunacheka.

Siku ya kuelekea pwani tuliteremka Kitonga kwenye ukungu, malori yakitokeza mbele yetu kama nyumba zinazotembea. Bibi alifumba macho mpaka chini. Mchana tuliupita mji wa Mikumi, tukaingia hifadhini, na katikati ya hifadhi gari likachemka. Moshi mweupe ulitoka, baba akafungua boneti, akaifunga. Maji yetu hayakutosha, na mpira mmoja wa kupitisha maji ya injini ulikuwa umepasuka. Lori lililokuwa likirudi Mikumi lilisimama, baba akapanda ili akatafute fundi.

"Msifungue mlango hata kwa malaika," alisema, akaondoka.

Mwanzoni tulifurahi. Tulikula mayai. Upande wa kulia kulikuwa na kundi la swala, na dada aliwapachika majina ya walimu wetu. Kisha nikagundua kwamba swala wote wameacha kula. Walikuwa wamesimama wakitazama upande wetu wa kushoto, kuvuka gari letu, kwenye nyasi ndefu kavu zilizoanzia ukingoni mwa barabara. Hakukuwa na upepo. Nyasi hazikutikisika hata unyasi mmoja. Swala waligeuka wote kwa pamoja, wakaondoka bila kukimbia. Kwa muda mrefu hakuna gari lililopita, na injini iliyokuwa ikipoa iliacha kutoa vile vimlio vyake.

Ndipo sauti ikaita.

"Tuse! We Tuse!"

Ilikuwa sauti ya baba. Haikuwa ya mtu anayepiga kelele, wala ya mtu aliye mbali. Ilikuwa ile anayoitumia akiwa sebuleni, viatu amevua, anataka kuletewa maji ya kunywa. Ilitoka ndani ya nyasi, kushoto kwetu.

"Abee baba!"

Dada alikuwa ameshaitika. Mkono wake ulikuwa umeshafungua komeo, na mlango ulikuwa umeachia kidogo, Bibi alipojitupa kutoka kiti cha mbele na kumkamata kifundo cha mkono. Sikujua kama mwili ule mkavu una nguvu kiasi hicho. Mama aliuvuta mlango, lakini papo hapo yeye mwenyewe akataka kuufungua wa kwake.

"Ni baba yao! Ameumia huyo."

"Mumeo amekwenda nyuma," Bibi alisema. "Huyu yuko ubavuni."

"Kama lori limemwacha njiani? Kama amepita porini, mama?"

"Tangu juzi, tukiwa hifadhini, mumeo anamwita nani huyu mtoto?"

"Mkubwa," mama alisema.

"Basi."

Sauti iliita tena, karibu zaidi, kwa upole uleule. Mama akasema, "Ananiita!" akaanza kulia, kanga mdomoni. Kama alikuwa baba, tulikuwa tunamwacha afe hatua chache kutoka mlangoni. Kama hakuwa baba, dada alikuwa ameshaitika. Tuse mwenyewe hakulia. Alikuwa akitazama nyasi na kuuliza kwa sauti ndogo, mara kwa mara, "Nimefanya vibaya? Bibi, nimefanya vibaya?" Bibi hakumwachia mkono.

Tulikaa hivyo mpaka pikapu ikatokea nyuma yetu. Baba alikuwa amesimama juu yake pamoja na fundi na madumu ya maji, akitafuna muhindi.

"Mbona mnaniangalia kama mzuka?"

Mama alimpiga kifuani kwa ngumi, kisha akamkumbatia. Baba aliapa kwamba hakutoka gereji tangu alipofika, na fundi akaitikia kwa kichwa. Baba hakucheka. Alizitazama nyasi, fundi alipomaliza akatuambia tupande, na mpaka tunatoka hifadhini hakumwita mtu kwa jina lolote, hata yale ya mchezo.

Mimi ni mtu wa kuulizauliza tangu utoto, na jambo hili nimeliuliza kila upande. Mlinzi mmoja wa hifadhi, tulipokuwa tunarudi, aliniambia ni ndege. Nilimwuliza ndege gani, akaanza kunisimulia habari za nyati. Mama nilimwuliza alisikia nini, akasema, "Aliniita 'Mama Tuse', mara mbili." Mimi nilisikia "Tuse" tu, mara zote. Bibi alinijibu Morogoro, jioni ileile, akipoza chai kwenye kisosi. Alisema yeye aliitwa jina lake la usichana, jina ambalo wote waliokuwa wakilitumia alikwisha kuwazika. Nilimwuliza ni jina gani. Alikunywa chai yake.

Bagamoyo tuliiona bahari. Bibi alichovya kidole, akalamba, akauliza ni nani aliyepoteza chumvi yote hii. Asubuhi maji yalikuwa yamekupwa, nasi tukatembea mbali sana juu ya mchanga, tukiokota kome. Mimi nilirudi nilipohisi njaa. Dada alibaki, ametupa mgongo, na maji yalianza kujaa kama yanavyojaa kule, kimyakimya, yakipita kwanza nyuma yako. Baba alimwona akaita.

"Tuse! Tuse, rudi!"

Hakugeuka. Baba aliita mpaka sauti ikapasuka. Dada alisimama vilevile, maji yakimfika magotini, kisha mapajani. Baba aliingia na suruali na viatu, akakimbia, akaanguka, akainuka, mpaka akamshika bega. Hapo tu ndipo alipogeuka. Walirudi maji yakiwa kifuani mwa dada.

"Kwa nini huitiki?" baba alifoka. "Hukunisikia?"

"Nilikusikia," alisema. "Sikujua kama ni wewe."

Baba alimfunika koti lake, akakaa naye mchangani mpaka jua likawa kali.

Bibi tulimzika miaka mingi iliyopita, na mama amemfuata. Baba amezeeka. Yuko nyumbani Mbeya, na dada Tuse ndiye anayemtunza. Nikiwa pale namtazama. Baba akiita kutoka chumbani, dada hamwitikii kwa mbali. Anaacha sufuria jikoni, anakwenda mpaka mlangoni, anamtazama usoni, ndipo anasema, "Abee baba." Wajukuu hawalielewi jambo hilo. Wenyewe wakiitwa kula wanajibu kwa ujumbe wa simu, wakiwa chumba cha pili, na kikaragosi cha kucheka machozi juu yake. Zamani nyumba ile ilijaa majina yakiitwa kutwa nzima, kutoka jikoni, uani, barabarani. Sasa ni kimya, na katika kimya hicho nadhani mtu husikia zaidi.

Mwezi uliopita dada alinipigia simu. Baba alikuwa amelala mbele yake, naye anaona kifua chake kikipanda na kushuka, mdomo umefungwa. Na sauti ya baba ilikuwa ikimwita, ile ya sebuleni, kutoka nje dirishani.

"Mdogo wangu," aliniuliza, "na safari hii nikiitika?"

Enzi zile swali kama hilo tulimpelekea Bibi, na gari zima likamtii. Sasa linaletwa kwangu. Nilishika simu, nikamsikia akipumua, akisubiri Mdogo aseme neno la mkubwa.