Congé ya Nsimire

Adélaïde anapiga pasi mashuka katika hoteli moja hapa Bukavu, na mimi ndiye ninayeyakunja baada yake. Kwa hiyo nikisema nilimwona akitokwa na jasho na maziwa kwa pamoja mbele ya pasi, msidhani nilisimuliwa.

Mtoto wake wa kwanza, Nsimire, alizaliwa kwa miezi saba. Uchungu ulimshika Adélaïde akiwa kazini, pasi mkononi. Hospitalini wakamfundisha kanguru: mtoto analazwa kifuani, ngozi kwa ngozi, uso umegeuzwa upande apate pumzi, kitenge kinafungwa juu yao, na mama anakuwa ndiye joto la mtoto mchana na usiku. Jamani, yule dada alijua kubeba! Alikula amembeba, akasinzia ameketi amembeba. Nilipokwenda kumtazama alifungua kitenge kidogo nione uso, mdogo kama limau, akacheka, akaufunika upesi.

Tatizo ni kwamba congé, likizo ya uzazi yenye malipo, walimhesabia tangu siku aliyojifungua. Majuma ambayo angepumzika kabla yalipotea, maana mtoto hakuyangoja. Yale ya baadaye yaliishia wodini. Hata hajazoea kuwa nyumbani Bagira, akaitwa kazini, na Nsimire alikuwa bado hajafikia uzito ambao manesi walitaka kabla ya kuacha kanguru.

Akaenda kwa papa Philémon, gérant wetu, yaani meneja wa hoteli. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na mashuka yangu.

"Papa, mutoto iko bado mudogo sana. Uniongezee siku kidogo, ao uniache nimubebe hapa ku kifua nikipiga pasi."

"Maman Adélaïde, baclients batasema nini? Na congé ni ya kuzala. We ulisha zala."

Alisema kwa upole. Afadhali angefoka, ningepata sababu ya kumchukia vizuri. Nimemchukia hata hivyo. Na kuacha kazi hakukuwezekana: Guy, mume wa Adélaïde, anachimba dhahabu huko Kamituga, na dhahabu yenyewe hatujawahi kuiona sura.

Basi mtoto akabaki na mama mkwe. Huyu ni mtu mwema, namtolea ushahidi. Alifundishwa kanguru, akaikubali, na kila asubuhi alimfunga mtoto kifuani pake. Lakini kazi za nyumba ni za kuinama, na jikoni kuna moto na moshi. Watoto wake wote aliwabeba mgongoni, kama tunavyobeba sisi sote, na wote wakakua. Siku moja akamhamishia Nsimire mgongoni, akamfunga vizuri asipigwe na baridi, akaendelea kutwanga sombe, majani ya muhogo, huku akimwimbia. Mtoto akanyamaza. Nani huku kwetu hafurahi mtoto akinyamaza mgongoni?

Adélaïde alikuwa na mazoea ya kuanza kufungua vifungo vya blauzi mara anaposhuka kwenye basi, ili akifika asipoteze muda. Jioni hiyo aliingia uani hivyo hivyo, mikono imenyooshwa. Mama mkwe akamgeuzia mgongo, akicheka, ili amchukue mwenyewe.

"Iko nalala tangu muchana," alisema. "Hakunisumbua hata kidogo."

Adélaïde akafungua kitenge. Nsimire alikuwa amekwisha kuwa baridi. Kilio cha wanawake wale wawili majirani wanakizungumzia mpaka leo, mimi sikiwezi.

Papa Philémon alikuja matangani. Macho yake yalikuwa mekundu, sitamnyima hilo. Akaketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya mkeka tuliokalia.

"Maman, usiharakishe kurudia kazi. Mutu akifiwa na mutoto iko na haki ya congé. Na tutakulipa."

Kumbe siku zilikuwapo. Blauzi ya Adélaïde ilikuwa imelowa maziwa, naye alikuwa amekunja kile kitenge cha kanguru, anakibana kifuani.

"Aksanti papa," akasema. "Sasa nitabaki na nani mu nyumba?"