Droni ya Festo na Upepo wa Mwakitolyo

Mpwa wangu Festo hana adui duniani ila upepo. Mimi nimegombana na watu hadi Geita, wengine mashemeji kabisa. Yeye anagombana na hewa. Anakaa Kambarage, hapa mjini Shinyanga, na kazi yake ni kupiga picha za harusi kwa droni, kile kidude cha mapanga manne kinacholia kama nyuki. Akilenga bibi harusi, upepo unamletea paa la choo cha jirani.

Mwaka huu akampenda Hosiana, binti wa Mzee Thobias, mkulima wa pamba kule Ushirombo. Mzee akasema, "Kijana hana jembe, hana ng'ombe, anakula picha? Jumapili alete kidude chake kiruke juu ya shamba langu, nikione. Kisiporuka, habari ya posa tusizungumze." Mshenga nikawa mimi. Mdomo kama huu angeupata wapi?

Ijumaa, wachimbaji wa Mwakitolyo wakamwita awapigie picha ya eneo lao kutoka juu. Nikapanda nyuma ya pikipiki, maana kazi kubwa haifanyiki bila mjomba. Kiangazi kilikuwa kimekaza, na upepo wa mashariki ulikuwa unachota vumbi na kutulisha.

Festo akairusha kuelekea magharibi. "Mjomba, ona! Inakwenda kama mbayuwayu!"

"Usiisifie droni, sifia upepo ulioibeba mgongoni. Na kurudi je?"

"Betri ikibaki nusu, nageuza. Nusu kwenda, nusu kurudi."

Hesabu za watu waliomaliza shule hizo. Mimi niliyeishia darasa la tano nimewahi kuwa baharia wa mtumbwi wa injini, kutoka Nkome kwenda kisiwa cha Kome. Ilikuwa miezi miwili tu, lakini kule bado wananitaja. Ziwani, mafuta ya kwenda na upepo hayatoshi kurudi ukipambana nao.

Alipogeuza, droni ikasimama angani kama imetundikwa. Kwenye kioo cha rimoti tuliona bati lilelile, mbuzi yuleyule. Kisha upepo ukaipiga ubavuni, ikaanza kupotelea kaskazini.

"Elekeza pua upepo unakotoka!" nikafoka.

"Ndiko nilikoelekeza!"

"Basi ishushe, chini upepo ni mdogo!"

"Itagonga miti, Mjomba, niache!"

Betri ikawa nyekundu. Droni ikashuka yenyewe, polepole, ikatua juu ya turubai la duara, yaani shimo la dhahabu, la watu wengine kabisa. Kwenye kioo picha ilikuwa bado inakuja safi, maana yake haijavunjika. Festo akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, tukakimbilia pikipiki.

Tulipofika, Marwa, msimamizi wa duara lile, akatupokea kwa tabasamu. "Shikamoo mzee. Msiwe na wasiwasi, tumeshaishughulikia."

"Marahaba. Mmeishughulikiaje?"

Kumbe kwao, kitu kikianguka kutoka juu kwenye mdomo wa duara hakiguswi mpaka kinyunyiziwe maji ya unga wa mtama, shimo lisije likafukia watu.

"Mmeimwagia maji?" Festo akauliza.

"Kibuyu kizima," Marwa akajibu kwa fahari. "Tusingekupunja, kaka."

Ikafa palepale. Upepo ulikuwa umeitua salama. Baraka ndizo zilizoiua.

Jumapili tukaenda Ushirombo hivyohivyo. Nilizungumza mpaka soda ikaisha. Mzee Thobias akaishika droni, akabandua unga uliogandia panga moja, akaunusa.

"Hii imenyunyiziwa?"

"Ndiyo, baba," Festo akasema. "Kesho naipeleka kwa fundi, halafu..."

"Fundi gani? Kitu kilichonyunyiziwa hakirushwi tena. Kinatunzwa." Akaingia nayo ndani, akaiweka juu ya kabati, karibu na picha ya Bikira Maria.

"Na posa, mzee?" nikauliza.

"Nilisema nikione kikiruka."

Nikaaga, tukatoka. Nje, moshi wa jikoni kwa Hosiana ulikuwa unapanda wima kama mlingoti, hautikisiki hata kidogo. Festo akautazama, akautukana upepo usiokuwepo.