Kipande Kisicho na Alama

Mtaani walimwita Radi, na jina lilimkaa. Alikuwa mnadi wa fanicha zilizotumika, na akinadi kabati upande huu wa soko, wauza sufuria wa upande wa pili hungoja amalize ndipo wasikilizane na wateja wao. Kwa hiyo daktari alipowaambia kwamba uvimbe wa kooni umeshika pabaya na kisanduku cha sauti lazima kiondolewe, binti wa Radi ndiye aliyelia. Radi mwenyewe aliuliza, "Nikishapona nitanadi kwa macho?" Hakuna aliyecheka.

Binti alikuwa mwandishi wa programu za kompyuta, na aliapa moyoni kwamba sauti ile haitapotea. Kabla ya upasuaji alimketisha baba yake sebuleni, akafunga madirisha, akamrekodi akisoma magazeti, akisimulia ujana wake, akimtania mkewe, mpaka koo likakataa. Kisha akachukua maktaba ya sauti, yaani vipande vya programu walivyoandika watu wengine na kuvitoa bure, akaviunganisha na rekodi zile. Ukiandika sentensi, kompyuta inaitamka kama Radi.

Kwenye kompyuta kubwa ya ofisini programu hiyo ilikubali. Aliandika, "Mama, njoo hapa," kama baba yake alivyozoea kumwita yeye bintiye, na sauti ikamwita. Alikwenda kujifungia chooni kwa muda.

Lakini mnadi hawezi kuzunguka sokoni na kompyuta ya mezani mgongoni. Ilibidi programu ihamie kwenye simu, na hapo ndipo maji yalipozidi unga. Waandishi waangalifu huweka alama juu ya kila kipande, kusema kinafanya kazi wapi: kwenye kompyuta, kwenye simu, au kote. Anayekitumia mahali pasipofaa huonywa kwa mstari wa njano kabla hajafika mbali. Skrini ya binti ilijaa njano tupu. Alivibadilisha vipande vile kimoja kimoja, huku siku ya upasuaji ikikaribia, ikifika, ikipita, hadi njano ya mwisho ikatoweka.

"Umeijaribu kwenye simu yenyewe?" aliuliza mwenzake wa meza ya jirani.

"Hakuna onyo hata moja."

"Dada, sijakuuliza hilo."

Binti alikuwa ameshatia mkoba begani. Saa ya kuwaona wagonjwa ilikuwa inakwisha.

Wodini, Radi aliketi kitandani, shingo imefungwa bendeji. Aliipokea simu kwa mikono miwili kama anayepokea kichanga. Akaandika kwa kidole kimoja, polepole, mkewe akichungulia. Akabonyeza. Programu ikajifunga. Akaandika tena, safari hii neno moja tu. Ikajifunga.

"Mwanangu, si ulisema imekubali?" mama aliuliza kwa upole.

"Haikunionya, mama."

Radi akamrudishia simu, akampigapiga mkono kama anayembembeleza mtoto. Laiti angekasirika.

Binti alilikuta kosa chini kabisa ya maktaba: kipande kimoja kisicho na alama yoyote. Yeye alidhani kimya chake ni ruhusa. Kumbe ndicho kilichoumba sauti yenyewe, na nje ya kompyuta kubwa hakikuweza lolote. Alimwandikia mwenye maktaba, mtu asiyemjua kwa sura, akimsihi. Jibu lilikuja na adabu zake: "Pole sana. Sikuwahi kukijaribu kwenye simu, ndiyo maana sikuandika kitu. Kukirekebisha ni kuanza upya, nami sina nafasi. Ukitaka, weka alama wewe, nitaipokea."

Aliiweka: kompyuta ya mezani tu. Angalau mtoto wa mtu mwingine hatadanganyika. Kisha akaanza kukiandika upya kile kipande peke yake. Kila alichojenga kilitoa kwenye simu sauti ya bati, sauti ya mtu yeyote. Alikonda. Chakula alikisahau. Radi alirudi nyumbani, sokoni wakapata mnadi mwingine, naye mzee akajifunza kuita watu kwa kupiga makofi.

Jumapili moja mchana binti alikuwa chumbani, visikilizio masikioni, akirudia rekodi ili apate alipokosea. Baba yake akaja mlangoni kumwita ale. Akapiga makofi. Akapiga tena. Binti hakugeuka; alikuwa anamsikiliza yeye huyo kwenye rekodi, akicheka na mkewe sebuleni.

Radi akasogea, akamgusa bega. Binti akashtuka, akavua visikilizio. Mzee akavichukua, akavivaa, akasikiliza amesimama, macho ameyakodoa ukutani. Halafu akavivua, akavilaza mezani, akaifunga kompyuta kwa kiganja, taratibu.

"Baba, bado kidogo tu," binti alisema. "Nitaipata."

Radi alitikisa kichwa kukataa. Akamshika mkono amwinue kwenye kiti waende wakale, binti akang'ang'ania meza, asitake kuinuka.