Mluzi Vichakani

Fundi viatu hakuwa mtu wa maneno mengi. Mteja akimletea kiatu kilichochanika, alikigeuza, akaigonga soli kwa kidole, akasema, "Njoo kesho," basi. Ndiyo maana siku alipomwahidi jirani yake jambo bila kumuuliza dada yake, alijishangaa mwenyewe.

Jirani huyo alikuwa mwoka mikate, mwanamke aliyetoka nchi nyingine. Aliona vidole vya fundi vimekolea rangi ya zambarau, akapiga kelele za furaha kutoka ng'ambo ya ua.

"Fundi! Matunda meusi ya mwituni! Kwetu mama alikuwa anatuamsha alfajiri tukayachume. Hapa yako wapi?"

"Nitakupeleka," ulimi ukamponyoka.

Sasa, vile vichaka vilikuwa siri ya familia. Mama yao aliwaachia fundi na dada yake vichaka hivyo, pamoja na sharti moja: kila anayechuma apige mluzi, maana mdomo wa mluzi hauli. Mluzi ukinyamaza, mwenyewe anakula kofi la mgongo. Mgeni hajawahi kukanyaga pale.

Asubuhi ya kuchuma, dada mtu alipomwona jirani na ndoo yake, uso ukamkunjika.

"Mdogo wangu, na huyu?"

Maneno yote ambayo fundi aliyapanga njiani yakamkimbia. "Jirani. Nimemwahidi."

"Unagawa mali ya mama? Gundi ya viatu imekupanda kichwani!"

Mwoka mikate akainamisha kichwa. "Dada, ngoja nirudi. Sitaki mgombane."

Akageuka. Fundi akaona mgongo wake unaondoka, moyo ukamchoma.

"Akirudi, narudi naye."

Tangu utotoni dada yake hajamsikia akimpinga.

"Haya, mwache ajaribu. Lakini apige mluzi!"

"Mluzi siwezi, pengo hili hapa," mwoka mikate akaonyesha meno yake. "Kwetu tulikuwa tunaimba. Mama alisema anayeimba hapati nafasi ya kula."

Ndugu wale wawili wakatazamana.

Basi akaimba, sauti nene, lugha wasiyoielewa hata neno, bila kupumzika. Fundi akaufuata wimbo kwa mluzi. Miiba iliwachana mikono, na ndoo zikajaa taratibu. Kisha fundi akagundua kuwa mluzi unaosikika ni wake tu. Akazunguka kichaka. Dada yake alikuwa amechuchumaa, mashavu yamefura, kidevu chote cheusi.

"Dada!"

"Nilikuwa naangalia kama yameiva."

Wimbo ukakatika. Mwoka mikate akaja, akakitazama kile kidevu. "Kwenu mtu kama huyu anafanywaje?"

"Kofi la mgongo," alisema fundi. "Mpige wewe. Mimi namwogopa."

Mkono uliozoea kukanda unga ukashuka, pu! Dada akakohoa, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mama yangu! Mkono huu unakanda unga au mawe?" Akaipiga teke ndoo ya mgeni. "Na mwakani uje na ndoo ya maana. Hii ya kuchezea watoto."