Jasho la Glavu

Kiwandani walimwita Mama Maji, na jina lilimkaa. Kazi yake ilikuwa kujaza glavu maji, kuzining'iniza kwenye chuma kama nguo za kuanikwa, kisha kuzikodolea macho. Katika chumba cha pili, mikono ya kauri ilichovywa kwenye utomvu wa mpira, ikakaushwa kwa moto, ikavuliwa ngozi yake. Ngozi hiyo ndiyo glavu; chache zikaletwa kwake kuisemea shehena nzima. Zikivuja, shehena inarudi. Mama Maji hakuwa na masihara: bintiye, kitinda mimba wake, alikuwa muuguzi katika wadi ya magonjwa ya kuambukiza, na glavu alizovaa ni hizo hizo.

Basi likaja joto kali, na glavu zikaanza kulowa kwa nje, pale vidole vinapoachana. Maji ya baridi, chumba cha moto: msimamizi alisema hilo ni jasho, si tundu. Mara nyingi ilikuwa kweli, na ubaya ulijificha hapo hapo. Mama Maji aliijua dawa yake: futa kwa kitambaa, ngoja. Jasho halirudi upesi mahali pale pale. Tundu hurudisha tone.

Lakini kungoja kulichelewesha mzigo, na wenzake wakamtania kwamba anazifuta glavu makamasi. Akacheka nao. Neno likazoeleka hadi likawa muhuri: jasho hilo, pitisha. Siku moja aliona tone ubavuni mwa kidole gumba, akainua kitambaa, akakiweka chini. Moyo ulisema futa, mdomo ukasema jasho. Mazoea yana taabu.

Tangu hapo usingizi wake ulikuwa wa mang'amung'amu. Bintiye akirudi kazini, alimtazama mikono kabla ya uso. Aliogopa, na hakumwambia mtu.

Jioni moja binti alikaa mezani asiguse chakula, kidole gumba kimefungwa bandeji. Alieleza kwamba asubuhi alijikata na kisu cha jikoni, kidonda kidogo tu. Kazini alivaa glavu juu yake, akamhudumia mgonjwa aliyekuwa akivuja damu; alipoivua, akakuta damu imepenya hadi kwenye kidonda. Sasa amepewa vidonge vya kuzuia maambukizi, anasubiri vipimo.

"Hukuona kama glavu imetoboka?" mama aliuliza.

"Nilihisi majimaji kwa ndani, mama," binti akasema. "Nikadhani ni jasho."